Maneno ya Ketalari

Kwa miaka ishirini Bernardine aliishi kama mtu aliyesamehewa, na hilo ndilo lililommaliza.

Alikuwa mwanamke wa milima ya Masisi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, mrefu, mwenye mikono mipana, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Yeye, mumewe Thaddée na binti zao wawili, Kirezi na Uwase, walitolewa kambini Rwanda wakaletwa Minnesota, wakapangiwa nyumba katika mji wa Crystal. Akapata kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu aliifanya peke yake, kwenye chumba cha chini, na hakuna aliyemtazama.

Mwaka 2018, majani yalipoanza kudondoka, mikono ikamgomea. Alisimama mbele ya mashine ya kukaushia, shuka la moto kifuani, asijue pembe ipi ikutane na ipi. Nyumbani aliacha kupika. Aliacha kusuka nywele. Akirudi kazini alijilaza kitandani na koti lake, viatu miguuni, akatazama ukuta. Thaddée alisema ni uchovu. Kanisani walisema ni pepo la huzuni, wakambandika mikono kichwani mpaka shingo ikamuuma. Kirezi, binti mkubwa, ambaye alikuwa anasomea uuguzi, alisema ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote, akampeleka kwa daktari.

Vidonge vya kwanza vilimnyima usingizi. Vya pili vilimnenepesha, basi. Vya tatu alivimeza miezi bila kuona tofauti, na daktari, aliyekuwa mtu mwaminifu, akakiri kwamba ameishiwa. Alijua kliniki moja Saint Louis Park iliyowapokea wakimbizi wachache ambao dawa za kawaida zimewashinda. Walipokuwa wanamsajili kwa simu walimuuliza Bernardine kama anataka mkalimani wa Kinyarwanda, lugha yake ya nyumbani. Alikataa. Alitaka wa Kiswahili, tena mtu asiyemjua yeye wala watu wake.

Wakamletea Philister, Mkenya, mwanamke wa sauti ya chini ambaye hakuuliza Bernardine anasali wapi. Mwanasaikolojia aliitwa Margaret. Alikaa kwenye kiti sawa na chao, bila meza katikati, akaeleza tiba yenyewe taratibu. Mgonjwa anachomwa sindano begani, anafunikwa macho, anasikiliza muziki. Kwa muda wa kama saa moja anakuwa mbali kidogo na mwili wake. Akirudi, wanazungumza, siku hiyo na siku zinazofuata. Dawa inalegeza tu mahali palipokaza, Margaret alisema; kazi hasa iko kwenye mazungumzo. Kisha akaitaja dawa kwa jina: ketamini.

Bernardine hakungoja tafsiri. "Ketalari?" aliuliza.

Margaret aliitikia kwa kichwa. Ndiyo, hilo ni jina jingine la dawa hiyo hiyo.

Bernardine akasimama, akachukua koti lake.

"Mama, kuna nini?" Philister aliuliza.

"Hiyo dawa niko naijua. Walinichoma nayo siku ya kuzaa mutoto wangu wa kwanza. Hiyo dawa ndiyo iliniharibia nyumba."

Philister alitafsiri. Margaret hakusogea. Aliuliza kama Bernardine angependa kueleza, au angependa kwenda zake. Yote mawili yalikuwa sawa kwake. Bernardine alibaki amesimama, koti mkononi, na labda kwa sababu hakuna aliyemshika mkono wala kumwambia atulie, alieleza.

Vita vilipowafukuza Masisi, yeye na Thaddée walipoteana njiani. Bernardine alikuwa na mimba changa. Alikimbia na kundi la watu waliokuwa wanaongozwa na dereva mmoja wa lori la viazi, Eliezer, ambaye lori lake lilichukuliwa na askari na ambaye alizijua njia za milimani. Kwenye kundi hilo alikuwemo pia mama mkwe wake, mama yake Thaddée, bibi aliyekuwa anakohoa tangu walipoondoka. Bibi alifia njiani. Eliezer naye hakufika. Bernardine alivuka mpaka, akaingia kambini, akawakuta Thaddée na Nyiraneza, dada mkubwa wa Thaddée, wametangulia. Miezi ilipotimia mtoto alikaa vibaya tumboni, ikabidi apasuliwe. Hospitali ya kambi haikuwa na dawa nyingi za kumlaza mtu. Ilikuwa na Ketalari.

Alipozinduka, Nyiraneza alikuwa amekaa kando ya kitanda, amempakata mtoto bila kumtazama. "Umesema mengi," alimwambia, akaondoka. Thaddée alipokuja jioni, uso wake ulikuwa umebadilika. Yaliyosemwa, Bernardine aliyasikia baadaye, kwenye foleni ya maji, kwa wanawake wasiomjua: kwamba chini ya Ketalari alimwita mwanamume mwingine, Eliezer, na kumtaja kuwa baba wa mtoto.

Alikana. Alilia, akaapa. Wakamwambia mtu akichomwa dawa ile hana nguvu ya kudanganya, kwamba inamtoa mtu yaliyomo tumboni. Na Eliezer hakuwepo wa kuulizwa. Thaddée hakumpiga wala hakumfukuza. Alimsamehe. Alimsamehe mbele ya kanisa la kambini, na watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa, na tangu siku hiyo alirudia ushuhuda ule kila kanisa lilipohitaji ushuhuda wa msamaha. Hata hapa Minnesota, chini ya dari la kanisa la Walutheri walilokuwa wanaazima kila Jumapili mchana, alisimama akasema Mungu alimpa neema ya kulea hata asichokipanda. Bernardine alikuwa amekaa mstari wa pili. Kirezi alikuwa anaimba kwaya.

Thaddée hakumnyima Kirezi chakula wala viatu. Alimnyima neno moja tu. Uwase aliitwa "binti yangu". Kirezi aliitwa Kirezi. Nyiraneza na ukoo wote walimwita Bernardine "Mama Uwase", kwa jina la mtoto wa pili, kana kwamba tumbo lake lilikuwa limeanza kuhesabiwa huko.

"Muulize huyu daktari," Bernardine alimwambia Philister. "Mutu akichomwa Ketalari, maneno yake ni ya ukweli?"

Margaret alijibu. Philister akatafsiri: "Anasema hapana. Anasema si dawa ya kutoa ukweli. Mtu anaweza kutaja jina la mtu, au kitu alichokiona, au kitu ambacho hakijawahi kutokea. Ni kama ndoto. Hakuna daktari anayeweza kuchukua maneno hayo akasema ni ushahidi."

"Mwambie aseme tena."

Margaret akasema tena. Philister akatafsiri tena, neno kwa neno.

Bernardine akakaa. Hakujisikia nafuu. Kitu kilimpanda kutoka miguuni, cha moto, kikampita tumboni hadi kwenye meno. Miaka ishirini. Pale kambini palikuwa na daktari, palikuwa na wauguzi waliochoma sindano ile kila siku, na hakuna hata mmoja aliyesema jambo hili rahisi ambalo mama huyu mwenye nywele nyeupe amelisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wauguzi walikuwa wanacheka. Hilo alilikumbuka vizuri. Walikuwa wanawacheka waliochomwa Ketalari na kusimuliana waliyoyasema.

Kibaya zaidi, hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujishuku. Alijua hakuwahi kulala na Eliezer. Alijua mimba ilikuwa tumboni kabla hajapoteana na mumewe. Lakini watu wote wakikuambia miaka yote kwamba kinywa chako kilisema, unafika mahali unakiogopa kinywa chako. Ndiyo maana hakuwa na rafiki. Ndiyo maana alipenda chumba cha chini na mashuka.

Alirudi wiki iliyofuata na masharti yake. Atachomwa, lakini Nyiraneza asijue, Thaddée asijue. Ndani ya chumba awemo Margaret, Philister na muuguzi wa kupima presha, basi. Na sauti yake irekodiwe, mashine apewe yeye, asiisikie mtu mwingine mpaka yeye aseme. Margaret alikwenda kuuliza wakubwa zake, akarudi na kukubali.

Siku ya sindano Kirezi ndiye aliyempeleka, kwa kuwa hairuhusiwi mtu kuendesha gari baada ya dawa. Alibaki nje kwenye viti. Bernardine alilala kwenye kochi pana, blanketi miguuni, kitambaa machoni. Alitarajia kuogopa. Badala yake alihisi mikono yake inakuwa mepesi, kisha si yake, kisha chumba kikaondoka. Hakuona nuru wala malaika, wala raha ambayo baadaye aliambiwa wengine huiona. Aliona njia ya matope kati ya migomba, na mgongo wa mwanamume unaokwenda mbali naye.

Aliporudi alikuta uso wake umelowa na Philister amemshikia glasi ya maji. Margaret alimuuliza anajisikiaje.

"Niko na njaa," Bernardine alisema. "Na niko na hasira. Mingi sana."

Margaret alitaka kujua hasira hiyo iko wapi mwilini. Bernardine alimtazama Philister kana kwamba swali lilikuwa lake. "Mwambie iko kote."

Kesho yake walisikiliza pamoja. Sehemu kubwa ya kile kilichorekodiwa ilikuwa muziki na pumzi. Kisha sauti yake mwenyewe, nene, ya mtu anayesema kutoka chini ya maji. Philister aliinamia mashine, akasikiliza, akanyoosha mgongo.

"Mama, samahani. Hapa siwezi kusaidia. Ni lugha yenu."

"Najua," Bernardine alisema.

Alikuwa amesema kwa Kinyarwanda, na ndani ya chumba kile hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye. Hakuna mtu ambaye angeweza kutoka pale akayapeleka kwenye foleni ya maji. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena na tena. Maneno yalikuwa machache, yakijirudia: *Eliezer, rudi. Mwache. Ameshakufa. Mwache mama, Eliezer, rudi.*

Siku ile hakuwa ameisahau hata mara moja. Hakuhitaji dawa imkumbushe. Bibi alikata roho alfajiri, ikabidi wamwache kando ya njia, wamemfunika kitenge, kwa sababu risasi zilikuwa zinakaribia. Walipokuwa wamefika mbali kidogo Eliezer alisimama. Alisema hawezi kumwacha mama wa watu bila hata udongo juu yake. Bernardine alimwita arudi, alimwita mpaka wenzake wakamziba kinywa. Eliezer alikwenda na hawakumwona tena. Na Bernardine alipofika kambini, akaulizwa na watoto wa marehemu, alisema mama yao alikufa kwa amani wakamzika vizuri. Hakuona faida ya kuwaambia vingine.

Kwa hiyo sasa alikuwa na jambo la kuuliza. Margaret alimwonya: aliyosema jana si lazima yawe yale aliyosema kambini. Asiyachukue kuwa ushahidi, kama vile wengine hawakupaswa kuyachukua.

"Sitaki ushahidi," Bernardine alisema. "Shahidi yuko. Anaishi Saint Paul."

Alimwambia Kirezi ampeleke kwa Nyiraneza moja kwa moja. Njiani alimweleza yote kwa mara ya kwanza, huku Kirezi ameshika usukani kwa mikono miwili. Walipoegesha gari Kirezi aliuliza kwa Kiingereza, kama alivyozoea, "Kwa hiyo ndiyo maana?" Mama yake akamwambia ndiyo maana.

Ilikuwa Jumamosi. Nyiraneza alikuwa mezani anachambua sombe, majani ya muhogo, na Thaddée, aliyekuja kumtengenezea dada yake sinki, alikuwa anakula. Nyiraneza aliinua macho.

"Mama Uwase, karibu. Leo umetoka nje, Mungu asifiwe."

"Mimi ni Mama Kirezi," Bernardine alisema. "Wifi, nataka uniambie nilisema nini hospitalini. Usiniambie mlivyoelewa ninyi. Maneno yenyewe."

"Mambo hayo yalikwisha. Kaka yangu alikusamehe."

"Nilisema nini?"

Thaddée aliweka kijiko chini. "Bernardine, unaumwa. Twende nyumbani."

"Wewe kaa. Miaka ishirini umekuwa unasimulia. Leo sikiliza." Akamgeukia tena wifi yake. "Nilisema, 'Eliezer, rudi, mwache mama, ameshakufa.' Ndivyo au sivyo?"

Mikono ya Nyiraneza ilisimama katikati ya majani. Thaddée naye alianza kumtazama. Kisha Nyiraneza akasema, bila kumwangalia mtu, "Ulituambia mlimzika."

"Ndiyo, niliwaambia hivyo."

"Ulituambia mlimzika, mlimwombea. Nikakaa pale kitandani nakusikiliza unapiga kelele aachwe. Mama yangu aachwe kama mbwa. Ulitaka nifanye nini na maneno hayo?"

"Uniulize. Ningekujibu. Nilikosea kuwadanganya, na ningekuambia hivyo, ungenitukana, ungenipiga hata." Bernardine alikuwa bado amesimama, na hakupandisha sauti. "Lakini mtoto. Mtoto nilimtaja wapi?"

Nyiraneza aliokota jani moja, akaliweka tena chini.

"Mtoto nilimtaja wapi, Nyiraneza?"

"Hukumtaja," alisema hatimaye. "Ulilitaja jina la yule mwanamume. Kaka aliniuliza umesema nini, na mimi nilikuwa na uchungu. Nilisema umemwita Eliezer. Akaniuliza kuhusu mtoto. Sikukataa. Baadaye watu walipokwisha kusema, ningesemaje tena?"

Kirezi alikuwa mlangoni, amevaa koti lake, funguo za gari mkononi. Bernardine alimwona Thaddée akigeuka na kumtazama binti huyo kama mtu anayejaribu kusoma bango lililo mbali. Hasira aliyokuwa nayo kwa Nyiraneza ilihama, ikaenda ilikostahili zaidi. Nyiraneza alisema uongo mara moja, akiwa na msiba. Huyu aliuchukua akautumia miaka yote, akauvaa kila Jumapili.

Wiki hiyo Thaddée alikuja na wazo. Hapa Amerika kuna kipimo, alisema. Mtu anatema mate kwenye kichupa, majibu yanakuja, jambo linakwisha na kila mtu anapata amani.

"Amani ya nani?" Bernardine alimuuliza. "Mimi nilikuwa mke wako ukamwamini kila mtu isipokuwa mimi. Sasa unataka kuamini mate. Sitemi, na mtoto hatemi."

"Basi nisamehe wewe."

"Hukunikosea mimi peke yangu. Nenda kwa Kirezi."

Alikwenda. Kirezi alimsikiliza sebuleni mpaka mwisho, akamjibu kwa Kiingereza kwamba anamshukuru kwa kumweleza na kwamba amechelewa darasa. Baada ya muda alihamia na wenzake kwenye moja ya maghorofa ya Cedar-Riverside, karibu na chuo. Thaddée akawa anampigia simu. Simu nyingine alipokea, nyingine hakupokea, na Bernardine hakumshauri hivi wala vile.

Yeye mwenyewe aliendelea na kliniki majira yote ya baridi. Haikuwa miujiza. Palikuwa na wiki ambazo ukuta ulimrudia, na sindano moja ilimtapisha tu bila kumwonyesha chochote. Lakini alirudi kwenye mashuka, akaanza kupika, tena vyakula vya kutosha kulisha jirani. Margaret alipomuuliza kama hasira imepungua, alisema haijapungua na hana mpango wa kuipunguza. Tofauti ni kwamba sasa anajua ni ya nani.

Habari zilifika kanisani. Mchungaji Eliakim aliwaita ofisini Bernardine na Nyiraneza, akafungua Biblia, akasema ingependeza wapatane kabla ya Pasaka.

"Mchungaji," Bernardine alisema, "mimi nilisamehewa miaka ishirini kosa ambalo sikufanya, na ninyi mlipiga makofi. Kwa hilo sina haraka. Ila kuna jambo moja nitafanya. Mama mkwe wangu hajawahi kuombolezwa kwa ukweli. Fanyeni ibada yake, na mimi nitasimama niseme alikolala."

Ibada ilifanyika theluji ikiwa bado haijayeyuka yote. Bernardine alisimama mbele, mikono imeshika mimbari, akasema mahali, akataja kitenge kilikuwa cha rangi gani, akataja kwamba hawakuchimba hata kaburi la kina kifupi na kwamba yeye ndiye aliyepiga kelele waendelee kukimbia. Akasema alidanganya. Kisha akasema palikuwa na dereva wa viazi aliyeitwa Eliezer, mtoto wa watu wa Kitchanga, ambaye alirudi peke yake kumfunika udongo mama asiye wake, na kwamba jina hilo limetukanwa kambini na limetukanwa humu ndani, na waliolitukana wako wamekaa hapa. Hakuwatazama wote. Alimtazama Thaddée, mpaka akainamisha kichwa.

Nyiraneza alikuwa analia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa leo. Bernardine alipokuwa anashuka kurudi mahali pake, Nyiraneza alimnyooshea mkono kutoka kwenye benchi. Bernardine aliuona. Akapita, akachukua koti lake, akatoka nje kumsubiri Kirezi alete gari.